Nilivyojifunza Kuwawekea Watu Zawadi za Krismasi

Mama yangu aliuza mitumba katika soko la Lushoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu hiyo Desemba nyumbani kwetu ilianza na belo kabla ya kuanza na nyimbo za Noeli. Belo moja lilikuwa na kilo 45, limekazwa kwa mikanda ya plastiki kiasi kwamba Mama alipoikata kwa kisu nguo zilifumuka kama unga wa maandazi uliolazwa karibu na jiko. Alilifungua alfajiri, wateja wakiwa bado hawajafika, mimi nikimshikia taa ya chemli, na hakuanza kwa kupanga bei. Alianza kwa kutenga. Koti zito la sufu aliliweka pembeni kwa ajili ya mwalimu aliyekuwa akiteswa na baridi ya Julai, maana Lushoto iko juu milimani, na kipupwe cha kule huwashangaza watu wanaodhani kwamba mkoa wa Tanga wote ni joto. Gauni lenye kola nyeupe lilikuwa la binti wa jirani ambaye angepata kipaimara baada ya sikukuu. "Hili namwekea fulani," alisema huku akilikunja, na majina hayo yote, pamoja na vipimo vya mabega na urefu wa mikono, yalikuwa katika daftari dogo alilolifunga kwa mpira wa baiskeli. Wateja wasiokuwemo daftarini walikuja saa mbili asubuhi kwa sagula sagula, wakainamia rundo lililotandazwa juu ya turubai.

Neno hilo la kumwekea mtu nililisikia mara nyingi mno hata sikuliona kuwa ni ujuzi. Niliona ni biashara tu, na biashara yenyewe niliionea aibu, hasa pale mwanafunzi mwenzangu alipolitambua sweta langu kwa sababu mama yake alikuwa amelikataa sokoni wiki iliyotangulia.

Nilikuja London mwaka 2009 kusoma, na nikiwa bado ndani ya ndege nilikwisha kujiapiza kwamba sitavaa tena nguo iliyovuliwa na mtu mwingine. Kumbe nilikuwa nahamia nchi ambako karibu kila mtaa wa biashara una duka la hisani, ambalo sisi Waswahili wa hapa tunaliita chariti: hili la wagonjwa wa moyo, lile la utafiti wa saratani, jingine la Msalaba Mwekundu, na Oxfam, asasi iliyoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942 kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa wakifa njaa nchi yao ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani na washirika wake. Duka la Oxfam la Broad Street, mjini humohumo Oxford, lililofunguliwa miaka michache baadaye katika muongo uleule, huhesabiwa kuwa miongoni mwa wazazi wa maduka haya yote. Sikuyajua hayo wakati ule, na hata ningeyajua nisingejali. Kwa macho yangu chariti ilikuwa soko la Lushoto lililowekewa vioo, nami niliipita kwa upande wa pili wa barabara.

Mwaka 2011 nilipata kibarua cha msimu katika duka moja kubwa la fahari katikati ya London, kwenye kitengo cha kufunga zawadi. Sitalitaja, kwa kuwa nitakayoyasema yangeweza kutokea katika duka lolote la aina yake. Maduka haya yana historia ya kumfanya mnunuzi ajione mgeni wa heshima. Harrods ya Knightsbridge ilipoweka ngazi inayojiendesha yenyewe mwaka 1898, ya kwanza nchini Uingereza, wateja waliofika juu walipewa brandi ili watulize moyo. Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyekulia kibiashara katika duka la Marshall Field huko Chicago, alifungua duka lake Oxford Street mwaka 1909 kwa imani kwamba watu waachwe watembee, watazame na waguse bidhaa bila kulazimishwa kununua. Krismasi ndiyo kilele cha ustadi huo wote. Zipo idara za Krismasi zinazofunguliwa Agosti, watu wakiwa bado wamevaa kaptura, na nakiri kwamba jioni ya kwanza niliposimama chini ya taa zile, nikasikia harufu ya mdalasini iliyopulizwa makusudi karibu na mlango, nilijiona nimefika kule ambako dunia ilikuwa imefikia bila Mama kuniambia.

Kufunga zawadi ni kazi ya mikono, na niliipenda. Karatasi hukatwa ili ncha zake zikutane chini ya boksi, mahali asipotazama mtu. Gundi yenye kunata pande mbili hutiwa ndani ya mkunjo ili isionekane hata alama moja ya selotepu. Utepe wa satini hukatwa mshazari ili nyuzi zisifumuke, na masikio mawili ya fundo lazima yalingane. Msimamizi wetu alikuwa akiyapima kwa kidole, na sikio likizidi nusu ya ukucha ulifungua ukaanza upya, foleni iwe imefika wapi. Kwa wiki sita nilifunga vitu ambavyo baadhi yake vilizidi kodi ya chumba changu ya miezi miwili.

Nikiwa nyuma ya meza ile nilianza kusikiliza namna watu wanavyonunua. Kuanzia tarehe 20 Desemba na kuendelea, hasa jioni ya tarehe 23, walikuja watu wengi, wanaume zaidi, ambao swali lao la kwanza lilikuwa: "Una kitu gani cha kama pauni 150?" Bei ndiyo iliyoingia dukani kwanza, kitu kikafuata, na mtu wa kupewa alitajwa mwisho, nilipouliza kadi iandikwe jina gani. Nikiuliza kama mkewe ni wa saizi ndogo au kubwa, wengi walinyoosha mikono hewani wakakadiria kama wavuvi wanaosimulia samaki aliyewaponyoka. Wala sisemi kwamba hawakuwapenda wake zao. Walikuwa wamechoka, wamefanya kazi mwaka mzima, na duka lilikuwa limewaandalia njia ya kutokea: risiti ya zawadi, ambayo haina bei, ili mpokeaji aweze kurudisha kitu bila kujua kimegharimu kiasi gani. Lakini rangi ya boksi na jina lililochapwa juu yake vilikuwa vimeshaitaja bei hiyo kwa sauti kubwa kuliko risiti yoyote.

Mteja mmoja hajanitoka akilini. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti lake safi lakini la zamani, na alitaka kununua boksi tupu. Alitoa kwenye mfuko sweta la bluu lililokunjwa vizuri akaniomba nilifunge. Utaratibu ulikuwa kwamba hatufungi kitu kisichonunuliwa kwetu, na maboksi hayauzwi. Nilimweleza hivyo kwa sauti niliyofundishwa, laini na isiyo na mlango. Sweta lile lilikuwa limeoshwa na kunyooshwa, na lilitoa harufu fulani ya joto na vumbi lililolowa, ambayo sikuitambua. Alinishukuru, akalirudisha mfukoni, akaondoka. Nami, binti wa muuza mitumba, nilimwambia mwenzangu kwamba wapo watu wanaotaka kujikweza kwa boksi.

Wiki hiyohiyo nilimnunulia Mama skafu ya hariri. Bei yake ilikuwa pauni 165. Kwa punguzo la wafanyakazi la asilimia 20 nililipa 132, nami nilikuwa nikilipwa pauni saba kwa saa, kwa hiyo skafu ile ilinigharimu karibu saa 19 za kusimama. Niliifunga mwenyewe, masikio yakalingana kwa mara ya kwanza bila kupimwa, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam. Mama alipiga simu akashukuru sana. Mwaka 2013 nilipokwenda likizo nililikuta boksi juu ya kabati la sebuleni, kando ya glasi za harusi ambazo hazinyweshi mtu, utepe umefungwa tena kwa fundo la Mama, na ndani yake skafu ikiwa bado imelala kwenye karatasi yake laini. Nilimuuliza kwa nini haivai.

"Mwanangu, hii niivae wapi? Nikiivaa sokoni itanaswa na misumari ya meza. Nikiivaa kanisani watasema mtoto wake yuko Ulaya." Kisha, kwa kuwa aliona uso wangu, akaongeza: "Lakini umenitumia boksi zuri."

Niliyameza maneno hayo kwa shida. Nilikuwa nimeyasikia maisha ya Mama kila wiki kwenye simu, baridi yake, mgongo wake, vidole vinavyokufa ganzi anapofungua belo alfajiri, na katika saa 19 zile sikuwa nimetumia hata dakika moja kuyafikiria. Nilikuwa nimenunua kitu ambacho mimi ningependa kuonekana nimekitoa.

Chariti niliingia kwa mara ya kwanza Novemba 2014, kwa kukimbia mvua. Nilikuwa na mtoto mchanga kifuani, mume wangu alikuwa amepunguziwa saa za kazi, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa huo. Nilisimama ndani nikisubiri mvua ipungue, na mikono yangu, bila kuniomba ruhusa, ikaanza kazi iliyofundishwa na Mama. Nguo hutazamwa kwanza kwa ndani, kwa sababu nje huoshwa ili idanganye. Unapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwapa, unainua kiwiko kwenye mwanga kuona kama kitambaa kimelika, unavuta kifungo kidogo kuona uzi unavyojibu, unafunga na kufungua zipu mara mbili, unanusa kola. Sufu unaifinya ndani ya ngumi ukihesabu hadi kumi. Ikiachiwa ikarudi yenyewe, bado ina uhai. Katika henga ya sita nilikutana na sweta la vifungo la sufu ya mwanakondoo, rangi ya kahawia iliyoiva, mifuko miwili mipana ya kuwekea mikono yenye ganzi. Lilikuwa pauni sita. Nilijua ni la nani hata kabla sijalitoa kwenye henga.

Sweta hilo Mama alilivaa hadi viwiko vikatoboka, akavitia viraka, akaendelea.

Mwaka uliofuata nilianza kujitolea Jumamosi katika duka jingine la hisani karibu na nyumbani. Maduka haya kwa kawaida huwa na meneja anayelipwa na kundi la watu wa kujitolea. Kwetu walikuwepo wazee wastaafu, wanafunzi wanaotafuta uzoefu, na mama mmoja kutoka Kisumu aliyeweza kukisia bei ya sahani kwa kuigonga ukucha tu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa pasi ya mvuke. Nilipoiwasha na mvuke ukapenya kwenye sweta la kwanza, harufu ile ya joto na vumbi lililolowa ilipanda usoni, nikamkumbuka yule mwanamke na sweta lake la bluu. Nililazimika kuiweka pasi chini.

Chumba cha nyuma ndicho darasa. Mifuko huletwa mchana, mingine huachwa mlangoni usiku ikaloweshwa na mvua ikawa takataka. Mdoli wa kitambaa usio na alama ya usalama hauuzwi hata uwe mzuri namna gani, kwa hiyo dubu wengi waliofumwa na bibi zao kwa mapenzi huishia pipani. Mtoaji anayelipa kodi akisaini mpango unaoitwa Gift Aid, serikali huiongezea asasi peni 25 kwa kila pauni iliyopatikana, kisha mtoaji hutumiwa barua ya kumjulisha vitu vyake vimeingiza kiasi gani. Nimewahi kumsikia bwana mmoja akilalamika, barua mkononi, kwamba koti lake la harusi limeuzwa pauni nane. Kila nguo hupewa lebo yenye namba ya wiki. Isipouzwa kwa wiki mbili au tatu huondolewa, hutiwa kwenye gunia, na huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa nguo chakavu, ambao huzichambua, na sehemu yake husafirishwa nje, Afrika Mashariki ikiwemo. Mara ya kwanza nilipolifunga gunia la namna hiyo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimesafiri maili elfu kadhaa ili nikasimame upande wa pili wa belo.

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba mtu mwenye kazi akinunua chariti anamnyang'anya maskini. Hoja hiyo naiheshimu, lakini inatokana na kutojua kazi ya duka lenyewe. Duka la hisani lipo ili liingize fedha za kupelekwa kwingine, iwe kwenye maabara au kwenye kambi ya wakimbizi. Ndiyo maana hupunguziwa asilimia 80 ya kodi ya jengo la biashara, na vitu vilivyotolewa sadaka huuzwa bila kutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Kinachoniudhi mimi ni kingine: siku hizi mameneja hutazama bei kwenye intaneti kabla ya kubandika lebo, na kuna siku niliona fulana ya kawaida ikiwekewa bei iliyozidi ile iliyouzwa nayo ikiwa mpya.

Januari ndiyo mwezi unaofundisha zaidi. Watu husafisha nyumba, na Krismasi yote hurudi mlangoni kwetu ndani ya mifuko: seti za sabuni, mishumaa, soksi zenye picha ya kulungu, vitabu vya mapishi ambavyo mgongo wake haujawahi kukunjwa. Jumamosi moja ya Januari 2016 nilichomoa mfukoni boksi la duka lile nilikofanyia kazi. Utepe wake ulikuwa haujafunguliwa. Niliyatazama masikio ya fundo, yalilingana. Ndani kulikuwa na glavu za ngozi, risiti ya zawadi, na kadi ndogo iliyoandikwa jina la mwanamke kwa mwandiko wa mfanyakazi wa msimu, duara na wa haraka. Mtu alikuwa amesimama kwenye foleni, mwingine amepima masikio kwa kidole, na aliyepewa hakuwa na hamu hata ya kutazama. Tuliziuza pauni 12 kabla ya saa sita mchana.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nilikuwa nimeelimika. Ukweli ni kwamba kosa langu kubwa nililifanya Krismasi ya mwaka huohuo. Katika chariti moja ya Chelsea, ambako matajiri hutoa vitu ambavyo wengine tungeviachia wosia, nilipata mkoba wa ngozi wa kampuni yenye jina kubwa kwa pauni 45. Nilimfikiria wifi yangu, anayeishi katika mji wa Reading, ambaye mkoba wake ulikuwa umechanika mkanda. Hadi hapo nilikuwa sawasawa. Kisha nikakumbuka kwamba tangu 2011 nilikuwa nimehifadhi boksi moja la duka la fahari juu ya kabati. Niliutia mkoba humo, nikaufunga kama nilivyofundishwa, nikanyamaza.

Wifi alifurahi mno. Tarehe 28 Desemba alipanda treni kuja London, akaenda dukani kuomba abadilishiwe apewe mweusi. Mhudumu aliugeuza, akasoma lebo ya ndani, akamweleza kwa adabu kwamba muundo huo uliacha kuuzwa miaka kadhaa iliyopita. Nilipopokea simu yake nilisikia kelele za barabarani nyuma yake.

"Wifi, hivi umenipa mtumba?"

Nilianza kujieleza, nikataja ubora wa ngozi, nikataja bei yake ikiwa mpya. Alinikatiza. "Ungeniambia ni mtumba ningeupokea, mbona sote tumeuvaa. Umenifedhehesha na boksi." Akakata simu, na hatukuzungumza hadi Pasaka.

Nimelirudia sana tukio hilo, kwa sababu nilikuwa nimefanya lilelile nililomcheka nalo yule mwanamke wa sweta la bluu, tena mimi nikiwa na uzoefu wa pande zote mbili. Mkoba ulimfaa wifi. Boksi lilikuwa langu. Tangu siku hiyo kila nitoacho kutoka chariti nakitaja kilikotoka, palepale, kabla mtu hajafungua karatasi, na wapo niwajuao kwamba hawapendi kitu kilichotumika. Hao nawanunulia kipya, bila kinyongo. Wifi ni mmoja wao.

Chariti nayo imeniumiza. Nilileta nyumbani koti la sufu bila kulikagua chini ya kola, na humo mlikuwa na mayai ya nondo; hadi Machi sweta mbili nilizozipenda zilikuwa kama chekecheke. Sasa kila kitu cha sufu kinakaa kwenye friza wiki mbili, ndani ya mfuko uliofungwa, kando ya samaki na mihogo. Binti yangu alipewa picha ya kupanga yenye vipande 500, akahangaika nayo siku nne za likizo, na farasi akakosa jicho. Wenzangu dukani huhesabu vipande vya picha kabla ya kuzifunga, lakini ile niliinunua kwingine, boksi halina hata utepe wa gundi, kwa papara zangu.

Papara ndiyo adui mkubwa wa mtu anayetaka kununua zawadi za Krismasi chariti. Huwezi kuingia tarehe 20 Desemba ukitaka glavu za kahawia saizi ya saba. Hazipo, na waliokuwa na akili walizichukua Oktoba. Duka la fahari limejengwa kwa ajili ya mtu aliyechelewa, na kwa hilo nalivulia kofia, kwani kuna miaka ambayo maisha humchelewesha mtu. Chariti inakutaka uwe unawabeba watu kichwani mwaka mzima. Nilipotambua hilo nilinunua daftari dogo. Ndani yake kuna jirani yangu kutoka Mombasa, ambaye birika lake lilivunjika walipohama na bado analitaja. Nililipata jingine la enameli mwezi wa Septemba, kwa pauni nne. Kuna mwalimu wa mwanangu aliyesema mara moja, akiwa amesimama getini, kwamba alijifunza kushona kwa bibi yake. Kopo la vifungo vya zamani lilimngoja kabatini kwangu tangu Juni. Kuna namba za viatu, urefu wa mikono, rangi ambazo watu wamezikataa. Mpira wa baiskeli sikuupata, nimelifunga kwa mpira wa nywele.

Maduka ya fahari sijayahama. Kila Desemba nawapeleka watoto kutazama madirisha ya Oxford Street, ambayo ni maonyesho ya bure yaliyofanywa na mafundi wa kweli, kisha tunashuka hadi Piccadilly kusubiri saa ya Fortnum & Mason igonge na wale mabwana wawili wa sanamu watoke kuinamiana. Duka hilo lina asili ya mwaka 1707, ingawa saa yenyewe ni ya 1964. Humo nanunua kopo moja la majani ya chai kwa ajili ya dada anayemsaidia Mama nyumbani, kwa kuwa anapenda chai na anapenda kopo. Lile la mwaka juzi sasa linahifadhi sukari, na Mama anasema sisimizi hawajaligundua.

Krismasi iliyopita nilimtumia Mama shali ya sufu ya rangi ya zambarau. Alipiga simu ya video, akaishika mbele ya kamera, na kabla hajasema neno lolote la shukrani aliigeuza ndani nje. Kidole gumba kikapita kwenye pindo. Kikasimama. Akasogeza shali karibu na kamera hadi skrini nzima ikawa zambarau, na katikati yake nikaona kijiti chembamba cha plastiki, kile kinachobaki lebo ikikatwa vibaya.

"Ya chariti hii."

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa nataka kukwambia. Pauni saba."

"Ungengoja kidogo wangepunguza." Akajifunika nayo mabegani, akajitazama kwenye simu, akavuta upande mmoja ukalingana na mwingine. "Hapa kwaya kuna mama mmoja, umri kama wangu, mwembamba, ana kifua kinachomsumbua kila kipupwe. Hapendi rangi nyekundu. Ukiona nyingine kama hii, umwekee."

Nilimwomba asubiri nitafute kalamu.